Taamuli ya Vipassana: Anzia Mkekani Nyumbani, Mafungo ya Siku 10 Yaje Baadaye

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mtu amesikia habari za mafungo ya siku 10 ya kukaa kimya, akajaza fomu, akapata nafasi, akaomba ruhusa kazini, akasafiri. Siku ya 3 yuko getini na begi lake, magoti yanamuuma na mawazo yanamwenda mbio kuliko siku aliyofika. Ananiambia, "Mimi sikuumbiwa mambo haya." Namuuliza swali moja tu: kabla ya kwenda, uliwahi kukaa kimya nyumbani kwako dakika 10 kwa siku 30 mfululizo? Jibu huwa hapana.

Mimi mwenyewe niliondoka siku ya 2 kwenye mafungo yangu ya kwanza, kwa sababu hiyo hiyo, na ilinichukua mwaka mzima kupata moyo wa kurudi. Kwa hiyo hapa nimepanga kazi kwa mfuatano ambao ningependa mtu angenipangia: mkeka kwanza, kisha kundi na mwalimu, kisha siku moja ya kimya, na siku 10 ziwe za mwisho. Jipe miezi 6.

Maneno mawili kabla hatujaanza. Vipassana, aina ya taamuli (kutafakari kimya) ya Kibudha, ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Theravada, tawi la Ubudha lililoenea Sri Lanka, Burma na Thailand, na maana yake ni kuona mambo waziwazi jinsi yalivyo. Mafungo nalitumia kama Wakristo wanavyolitumia, yaani siku za kujitenga. Usilichanganye na mfungo wa Ramadhani.

## Vitu vya kuandaa

- Mkeka au busati, na mto mgumu. Blanketi lililokunjwa mara nne linafaa. Mto laini wa kitandani haufai, unadidimia.
- Kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kama magoti yako hayakubali sakafu.
- Shuka au khanga ya kufunika mabega. Mwili uliotulia hupoa, na mbu wa alfajiri hawana huruma.
- Simu yenye kengele, ikiwa imezimwa mtandao.
- Daftari na kalamu.

Ubani, sanamu, muziki na programu za kulipia si lazima. Usitoe hata shilingi kwa kitu chochote katika miezi miwili ya mwanzo.

## Nani asianze peke yake

Naliweka hili mbele kwa makusudi. Kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili uliokufanya uone au usikie yasiyokuwepo, kama unatumia dawa za kutuliza hisia, au kama unabeba jeraha la msiba au ukatili ambalo bado bichi, zungumza na daktari wako kwanza. Usiache dawa ili "utaamali vizuri."

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakiwemo Jared Lindahl na Willoughby Britton, walichapisha utafiti kuhusu magumu yaliyowapata wataamali wa Kibudha wa nchi za Magharibi. Waliohojiwa, wakiwemo walimu, walieleza hofu, kukosa usingizi, na kujihisi wametengana na miili yao. Wengine walihitaji kulazwa hospitali. Dakika 10 kwa siku ni kitu kingine kabisa na saa 10 kwa siku, lakini njia ni ile ile, na mtu ajue anakoelekea.

## Hatua ya 1: Funga saa na mahali

Chagua saa moja ya siku na kona moja ya nyumba, usibadilishe. Alfajiri kabla watoto hawajaamka ndiyo inayowafaa wengi. Mkeka ubaki umetandikwa au usimame ukutani mahali utakapouona, maana kila kinachohitaji uamuzi mpya kila siku huahirishwa.

Usingoje nyumba iwe kimya. Adhana, jogoo, pikipiki, redio ya jirani: vyote tutavitumia katika hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Kaa

Kaa kwenye ukingo wa mto, si katikati yake, ili nyonga ziwe juu kuliko magoti. Hapo mgongo unasimama wenyewe bila kusukumwa na magoti yanashuka kuelekea sakafuni. Goti likibaki hewani, liegemeze kwenye nguo iliyokunjwa. Si lazima kupandisha nyayo juu ya mapaja. Miguu ilale mmoja mbele ya mwingine. Kwenye kiti, nyayo ziguse sakafu na mgongo usiegemee.

Mikono iweke mapajani. Macho yafunge, au yaache nusu wazi kama unasinzia.

Tofautisha maumivu mawili. Ganzi inayoisha dakika moja au mbili baada ya kunyoosha mguu haina madhara. Maumivu makali ndani ya goti, yanayobaki hata ukisimama, ni goti linalolalamika kweli: hamia kwenye kiti siku hiyo hiyo. Kiti hakikupunguzii chochote.

## Hatua ya 3: Pumzi, dakika 10, siku 30

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tafuta mahali pamoja mwilini ambapo pumzi inajidhihirisha. Inaweza kuwa kwenye matundu ya pua, pale hewa inapoingia ikiwa baridi kidogo na kutoka ikiwa na uvuguvugu. Inaweza kuwa tumboni, linavyopanda na kushuka. Chagua moja na ubaki nayo siku zote 30. Usiivute pumzi kwa nguvu, usiipime. Iache ipite kama inavyopita ukiwa umelala, wewe uwe unaijua tu.

Ukichagua tumbo, unaweza kutaja kimoyomoyo: inapanda, inashuka. Neno liwe jepesi. Sehemu kubwa ya uangalifu wako iwe kwenye mguso wenyewe, neno liwe kama kidole kinachoonyesha.

Baada ya pumzi tatu au nne utajikuta unapanga bajeti ya mwezi, au unamjibu mtu aliyekuudhi juzi. Watu hukata tamaa hapo kwa sababu walidhani wametumwa kuifanya akili iwe tupu. Hakuna aliyekutuma hivyo. Kazi yako ni mambo matatu: kugundua kwamba umeondoka, kutaja kimoyomoyo "kuwaza," na kurudi kwenye pumzi bila kujikaripia. Ukiondoka mara 50 na kurudi mara 50, umefanya kazi mara 50. Anayemrudisha mtoto anayetambaa kuelekea jiko hampigi. Anamnyanyua, anamrudisha mkekani, na anajua atatambaa tena.

Kila siku andika mstari mmoja daftarini: tarehe, dakika, na neno moja kama "usingizi," "hasira" au "tulivu." Usijipe alama.

Dalili kwamba inafanya kazi: usitazamie mwanga wala raha. Dalili ya kweli hujitokeza nje ya mkeka. Mtoto anamwaga maziwa, na kabla hujafoka unaihisi hasira ikipanda kifuani. Sekunde ile moja ndiyo tunayoitafuta. Wengi huiona kati ya wiki ya 3 na ya 5.

Ukikosa siku: endelea na hesabu kesho yake. Ukikosa 3 mfululizo, anza upya kutoka siku ya 1, lakini kwa dakika 5.

## Hatua ya 4: Tembea

Usiruke hatua hii. Inakuokoa na usingizi, na kwenye mafungo mengi utatembea karibu sawa na utakavyokaa.

Tafuta njia ya hatua 10 hadi 15, uani au kwenye korido. Tembea polepole kwenda na kurudi, ukihisi mguu: nyanyua, sogeza, weka. Ukifika mwisho, simama, ujue umesimama, geuka. Fanya dakika 10 kabla ya kukaa. Kama majirani watauliza, fanyia ndani.

## Hatua ya 5: Kutoka utulivu hadi utambuzi

Hadi hapa umejenga utulivu. Vipassana yenyewe inaanzia hapa, na ndiyo inayotenganisha mazoezi haya na kupumzika tu.

Katika hotuba iitwayo Satipatthana, iliyo ya 10 katika mkusanyo wa Majjhima Nikaya, Buddha anataja sehemu nne za kuweka uangalifu: mwili, hisia kama ni tamu, chungu au za katikati, hali ya akili, na mambo yanayopita akilini pamoja na sheria zake. Usizikariri. Tumia mwasho mmoja, zote zimo humo.

Umekaa, inzi anatua shavuni. Kwanza kuna mguso: huo ni mwili. Papo hapo mguso huo unakuwa chungu, yaani hauutaki: hiyo ni hisia. Kisha akili inakunja uso, inataka kumfukuza: hiyo ni hali ya akili. Usinyanyue mkono. Tazama. Mwasho unakua, unachomachoma, unahama, unalegea, na mara nyingi unaisha bila msaada wako. Ukiisha, angalia pia kwamba aliyekuwa anakasirika amekwisha pamoja nao.

Wabudha wanasema kila kitu kinachotokea kina alama tatu: hakidumu, hakiwezi kukutosheleza, na hakina "mimi" anayekimiliki. Kwa Kipali ni anicca, dukkha na anatta. Kuzisoma hizo kunachukua dakika moja. Kuziona kwenye mwasho wa shavu, kwenye wivu, kwenye wimbo unaojirudia kichwani, ndiyo kazi yote.

Kwa hiyo sasa ongeza muda hadi dakika 20 au 30. Pumzi ibaki nyumbani kwako, lakini kitu kingine kikija kwa nguvu, kigeukie: "kusikia," "kuuma," "kuogopa." Kitazame kikija, kikikaa, kikiondoka. Kisha rudi.

Tahadhari: usiwinde mambo ya ajabu. Mwili kutetemeka, rangi machoni, raha inayotiririka, yote hutokea na yote hupita. Yataje na uendelee. Lakini ukianza kukosa usingizi usiku kadhaa, ukihisi hofu isiyo na sababu au dunia kama si ya kweli, punguza muda, tembea kwa miguu, kula vizuri, ongea na watu, na utafute mwalimu kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Jua mkondo unaoingia

Miezi 2 imepita, sasa unahitaji mwalimu. Walimu wa vipassana hawafundishi kwa namna moja, na aliyechanganya mikondo mitatu kwa mwezi mmoja huishia kuchanganyikiwa.

Mkondo wa Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa Burma. Tumbo likipanda na kushuka, kutaja kila kinachotokea, kukaa na kutembea kwa zamu. Kwenye mafungo unaonana na mwalimu mara kwa mara na kumweleza ulichokiona. Kwa anayeanza, huku kuripoti ni hazina.

Mkondo wa U Ba Khin, mwalimu wa Burma, na mwanafunzi wake S. N. Goenka. Goenka (1924–2013) alizaliwa Burma, akaanza kufundisha India mwaka 1969. Siku za mwanzo ni pumzi puani, kisha uangalifu unapitishwa mwilini kutoka utosini hadi vidoleni. Mafundisho ni rekodi zake mwenyewe, na mwalimu msaidizi yupo kwa maswali.

Watawa wa msituni Thailand, wa njia ya Ajahn Chah (1918–1992). Hapa taamuli haitenganishwi na kufagia, kupika na kuishi kwa kiasi. Uingereza wana monasteri ya Amaravati, Hertfordshire, tangu 1984.

Vituo vya walei vya Magharibi, kama Insight Meditation Society ya Barre, Massachusetts, Spirit Rock ya California na Gaia House ya Devon. Sherehe za dini ni chache, lugha ni ya kila siku, na malazi hulipiwa. Msomaji aliyeko Ulaya au Marekani huanzia huko kwa urahisi.

Ushauri wangu: kama pumzi ya tumbo ndiyo iliyokushika, nenda kwa Mahasi. Kama unapenda ratiba ngumu isiyojadiliwa, Goenka. Kama unahitaji mtu wa kuongea naye uso kwa uso, chagua kokote palipo na mazungumzo ya kila siku na mwalimu, hata kama ni mbali zaidi.

## Hatua ya 7: Tafuta kundi lililo karibu

Afrika Mashariki tuna bahati ndogo lakini ya kweli. Dar es Salaam kuna hekalu lililoasisiwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Uganda kuna Uganda Buddhist Centre, eneo la Garuga kando ya Ziwa Victoria, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepata utawa huko California mwaka 2002. Kwangu ni jambo kubwa kwamba mtu wa kwetu anaweza kueleza dukkha kwa mifano ya kwetu.

Kozi za Goenka zinatangazwa kwenye tovuti ya dhamma.org kwa nchi na tarehe. Kituo cha kudumu Afrika Kusini ni Dhamma Pataka, karibu na Worcester. Palipokosekana kituo, kozi hufanyika sehemu za kukodi. Afrika Kusini pia kuna Buddhist Retreat Centre ya Ixopo, iliyofunguliwa 1980.

Ukienda hekaluni, vua viatu, funika mabega na magoti, usielekeze nyayo kwenye sanamu ya Buddha wala kwa mtawa. Mtawa wa Theravada anaitwa Bhante, kama unavyomwita mwingine Sheikh au Padri. Mwanamke hampi mkono mtawa mwanamume. Kuunganisha viganja kunatosha. Watawa hawali baada ya saa 6 mchana, kwa hiyo chakula cha kutoa kipeleke asubuhi.

Hakuna kundi mjini kwako? Tafuteni watu watatu. Kutaneni mara moja kwa wiki, kaeni dakika 30 kimya, zungumzeni dakika 20, kila mmoja asimulie alichokiona bila kufundishwa na mwingine. Kundi la aina hiyo limenishikilia mimi miaka mingi kuliko mwalimu yeyote.

## Hatua ya 8: Mchunguze mwalimu

Uliza bila haya. Anayekasirishwa na maswali haya amekwishakujibu.

1. Ulifundishwa na nani, na nani alikuruhusu kufundisha? Jibu liwe na majina na mahali.
2. Gharama ni kiasi gani na zinakwenda wapi? Katika desturi ya Theravada mafundisho hayauzwi. Hutolewa kwa dana, yaani ukarimu wa hiari. Kulipia chakula na kitanda ni sawa. "Kiwango cha siri" kinachofunguliwa kwa malipo makubwa ni biashara.
3. Mtu akipata shida ya akili katikati ya mafungo mnafanya nini?
4. Naweza kuondoka nikitaka?

Kimbia palipo na mwalimu anayewaita wanafunzi chumbani faraghani usiku, anayewatenga na ndugu zao, au anayeahidi kuponya Ukimwi, utasa au laana. Kujinyamazisha usiseme na watu ni sehemu ya mafungo. Kunyamazishwa usiseme uliyotendewa si sehemu yake.

## Hatua ya 9: Siku moja ya kimya nyumbani

Chagua Jumamosi, waage watu wako, zima simu. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni: kaa dakika 30, tembea dakika 30, na urudie, ukipumzika wakati wa kula tu. Kula polepole, peke yako, bila kusoma. Saa 8 mchana utataka sana kuacha. Usiache, uone huko kutaka kuacha kulivyo, kunakaa wapi mwilini.

Fanya siku kama hii mara 3, wiki tofauti. Ukizimaliza, uko tayari.

## Hatua ya 10: Siku 10

Fomu. Jaza mapema, nafasi hujaa. Sehemu ya afya ya akili na dawa ijibu kwa ukweli. Inaulizwa ili ulindwe.

Dini yako. Hapa nasema wazi kwa sababu wengi huambiwa nusu. Kozi ya Goenka inapokea watu wa dini zote, lakini jioni ya kwanza utatamka maneno ya kujikabidhi kwa Buddha, mafundisho na jumuiya ya watakatifu, pamoja na ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutofanya ngono, kutosema uongo, kutotumia kilevi. Na kwa siku zote za kozi, sala na ibada nyingine husimamishwa. Kwa Mwislamu, hiyo ni swala tano. Kwa Mkatoliki, ni rozari na misa. Kama dhamiri yako haikubali, usiende ukidhani utaswali kwa kujificha. Tafuta mafungo yasiyo na sharti hilo, uliza kwa maandishi kabla, na upate jibu kwa maandishi.

Siku ilivyo kwenye kozi ya Goenka. Kengele ni saa 10 alfajiri. Kuna takriban saa 10 za kukaa, chakula cha mwisho kizito saa 5 asubuhi, na wanafunzi wapya hupewa chai na matunda saa 11 jioni. Saa 1 usiku kuna hotuba. Simu, vitabu na kalamu hukabidhiwa. Wanaume na wanawake hutengwa. Hulipi kitu, na hata mchango haupokelewi mpaka umalize.

Siku za hatari ni ya 2 na ya 6. Ya 2 ni uchovu na hamu ya simu. Karibu na ya 4 vipassana inafundishwa, na mnaanza kukaa saa nzima bila kubadili mkao. Kufikia ya 6 maumivu na hasira za zamani zimepanda juu. Kabla ya kufunga begi, muone mwalimu, lala usiku mmoja, kisha amua. Lakini kama husikii usingizi kabisa, unasikia sauti, au una mawazo ya kujidhuru, mwambie mwalimu saa hiyo hiyo na uondoke ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Huko si kushindwa.

Vya kubeba: nguo pana zisizobana wala kuonyesha mwili, sweta, kandambili, saa ya mezani, dawa zako zote, na mto wako mwenyewe uliouzoea.

Kurudi. Siku ya 10 kimya kinafunguliwa na mnafundishwa metta, kuwatakia wote heri. Asubuhi ya 11 mnaondoka. Usipange kazi wala safari ndefu ya usiku siku hiyo. Sauti zitakuwa kali, machozi yatakuwa karibu. Usiwahubirie watu wa nyumbani. Usifanye uamuzi wowote wa ndoa, kazi au fedha kwa wiki 2.

Kesho yake, saa ile ile ya zamani, kwenye kona ile ile, tandika mkeka. Kaa dakika 30. Daftarini andika tarehe na neno moja.